Pinda Kulia: Sarufi ya Kiswahili katika Maelekezo ya Sauti kwa Mwendesha Baiskeli

Mwendesha baiskeli hana nafasi ya kusoma ramani. Mikono yake imo usukanini, na macho yake yanahitajika barabarani kuangalia shimo lililo mbele na mlango wa gari utakaofunguliwa ghafla. Kiungo kinachosalia ni sikio. Programu za ramani zilizomo katika simu za mkononi hulitumia sikio hilo: msafiri hutaja aendako, akaiweka simu mfukoni au akaifunga usukanini, na sauti humwelekeza kona baada ya kona. Makala haya yanachunguza namna maelekezo hayo yanavyoundwa na namna yanavyostahili kuundwa yanapotolewa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba maelekezo ya Kiswahili yakijengwa kwa kujaza maneno ya Kiswahili katika violezo vya lugha nyingine, huwa dhaifu mahali pale pale ambapo sarufi ya Kiswahili ina nguvu. Udhaifu huo si wa kimtindo tu. Mtu aliye Uhuru Highway saa kumi na moja jioni, matatu ikimfuata nyuma, akilisikia neno moja vibaya au akilisikia kwa kuchelewa, hasara yake inaweza kuzidi kupotea njia.

Jinsi mashine inavyojua kona

Mfumo wa setilaiti wa Marekani ujulikanao kama GPS ulitangazwa kukamilika mwaka wa 1995. Hata hivyo, mawimbi yaliyoruhusiwa kwa raia yalipunguzwa usahihi kwa makusudi, hivi kwamba kosa la hadi mita 100 lilikuwa la kawaida. Mita 100 mjini ni vichochoro viwili au vitatu. Maelekezo ya kona baada ya kona yasingewezekana kwa kiwango hicho. Mwezi wa Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa kizuizi hicho. Tangu hapo kifaa cha kawaida kilicho mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu, ingawa katikati ya majumba marefu mawimbi hugonga kuta na kosa hukua.

Setilaiti huonyesha mahali, lakini hazijui barabara. Barabara hutoka katika ramani. Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, huwaruhusu watu wa kawaida kuchora ramani ya dunia nzima, na ndio ulioiwezesha Kibera kuchorwa na vijana wake mwaka wa 2009, wakati ambapo ramani nyingi za umma zilikuwa karibu kuiacha tupu. Programu huigawa ramani katika vipande vilivyounganishwa na njia panda, kila kipande kikapewa uzito wake. Kwa gari, uzito hutegemea hasa muda. Kwa baiskeli, mlima, changarawe na wingi wa magari vyote huingia katika hesabu. Ndiyo maana ni lazima msafiri aichague hali ya baiskeli kabla ya kuondoka. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 na yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, hairuhusu baiskeli. Katika baadhi ya sehemu barabara hiyo imejengwa juu ya barabara ya zamani, na kwa mtazamo wa setilaiti ya juu na ya chini zinakaribia kuwa mahali pamoja. Mwendesha baiskeli aliyesahau kubadilisha hali ya gari anaweza kuambiwa apande daraja asiloruhusiwa kulikanyaga.

Mita mia mbili za nani?

Violezo vingi vya maelekezo viliandikwa kwa ajili ya dereva. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa humaliza mita 200 kwa sekunde 14 hivi. Baiskeli ya kilomita 15 kwa saa huzimaliza kwa sekunde 48. Ikiwa inapanda mlima kwa kilomita 8 kwa saa, ni dakika moja na nusu. Kwa hiyo "baada ya mita mia mbili, pinda kulia" humfaa dereva na humchosha mwendesha baiskeli, ambaye huanza kutilia shaka kila kichochoro anachokipita. Lakini baiskeli hiyo hiyo ikiteremka kwa kilomita 30 kwa saa, sentensi ya sekunde nne humalizika msafiri akiwa amesogea zaidi ya mita 30. Onyo la baiskeli linafaa kupimwa kwa muda uliosalia kabla ya kona, wala si kwa umbali usiobadilika.

Hapa Kiswahili kina tatizo lake. Nomino hutangulia idadi, na tarakimu kubwa hutangulia ndogo. Anayesikia "mita mia" hajui kama sentensi imefika mwisho wa idadi au kama "tano" inafuata. Honi ikilia baada ya "mia", mita 500 zimegeuka 100, na msafiri atapinda mapema mno. Aidha, "tatu" na "tano" huanza kwa silabi moja, na "kulia" na "kushoto" vilevile huanza kwa "ku-", silabi isiyobeba habari yoyote ya upande. Kiolezo cha kawaida huweka upande mwishoni kabisa: faida yake ni kwamba neno la mwisho hukaa kumbukumbuni, hasara yake ni kwamba likimezwa na kelele hakuna lililobaki. Dawa nyepesi ni kurudia: "Kulia. Karibu na kona, pinda kulia."

Uteuzi wa kitenzi nao una uzito. "Geuka" humaanisha kupinda na pia kurudi ulikotoka. Katika barabara yenye magari, maana mbili ni nyingi mno. "Pinda" ni salama zaidi kwa kona, na "geuza urudi" ibaki kwa kurudi nyuma. "Kata" hueleweka na wengi mitaani. Kwa mzunguko wa barabara, Mkenya husema "raundabauti" na Mtanzania "kipilefti". Sauti inayodai kumhudumia kila Mswahili itabidi ichague, au iulize.

Yaliyomo katika -ki- na katika dhamiri tegemezi

Msikilize mtu akimwelekeza mgeni: "Utanyooka na barabara hii. Ukifika kwenye mwembe, upinde kulia, kisha uingie kichochoro cha pili. Utaona msikiti upande wako wa kushoto." Hakuna mita hata moja. Kuna badala yake kiambishi -ki-, ambacho hulifunga tendo kwa tukio ambalo msafiri mwenyewe atalishuhudia. "Ukifika" haijali kasi. Anayepanda mlima na anayeteremka wote hufika kwa wakati wao, na agizo huwasubiri. Kwa mwendesha baiskeli, ambaye kasi yake hubadilika kila baada ya dakika chache, "ukifika mwisho wa ukuta" ni agizo bora kuliko kipimo chochote. Ramani za siku hizi zina vituo vya mafuta, misikiti, makanisa, shule na masoko. Malighafi ya sentensi za -ki- imo humo tayari. Kinachokosekana ni kiolezo kinachoitumia.

Fauka ya hayo, Kiswahili hutofautisha agizo la kwanza na yanayofuata. Husemwa "pinda kulia, kisha uingie kushoto", na mara chache "pinda kulia, kisha ingia kushoto". Dhamiri tegemezi katika "uingie" humjulisha msikilizaji kwamba tendo hili limeshikamana na lililotangulia. Pale ambapo kona mbili zimetengwa na mita 20, habari hiyo ni ya thamani kubwa: mwendesha baiskeli ataingia kona ya kwanza akiwa tayari amejipanga kwa ya pili. Mashine inayounganisha vipande vilivyorekodiwa kila kimoja peke yake hutamka amri mbili zilizo sawa, na kiungo kati yao hupotea.

Upatanisho wa kisarufi ni mtego mwingine. Mfasiri wa kiolezo akitafsiri "ya pili" mara moja tu ili itumike kila mahali, programu itasema "njia ya pili" bila kosa, lakini itatoa pia "mtaa ya pili" na "kichochoro ya pili". Kiswahili cha mitaani cha Nairobi kingeisamehe. Mtahini wa sarufi asingeisamehe. Zaidi ya usanifu, msikilizaji aliyezoea upatanisho hutumia "cha" kumkumbusha kwamba kilichotajwa ni kichochoro, hata kama nomino yenyewe imezimwa na upepo. Kosa la upatanisho humnyang'anya tegemeo hilo.

Vionyeshi navyo vinahitaji uangalifu. Anayeelekeza kwa mdomo husema "pale" huku akinyoosha kidole, na sauti ya simu haina kidole. Hata hivyo "hapa" inawezekana, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wamo mahali pamoja: simu ikiwa mfukoni, "pinda hapa" ina maana moja tu. "Hapo" hubakia na kazi yake ya kurejelea kilichokwisha kutajwa: "Mbele kuna kituo cha mafuta. Hapo, pinda kushoto."

Sikio na majina

Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sifa hizi hurahisisha kazi ya sauti ya mashine. Majina ya mahali ndiyo yanayoivuruga. Lang'ata huandikwa mara nyingi bila kibainishi, na sauti inayofuata kanuni itatamka /g/ isiyokuwepo. Ngong hukumbwa na balaa lilo hilo, mwanzoni na mwishoni. "Th" ya Thika katika Gĩkũyũ hutamkwa kama "dh" ya Kiswahili. "Avenue" ikisomwa kwa kanuni za Kiswahili huwa na silabi nne, na kifupisho "Dr" kilichokusudiwa kuwa barabara huweza kugeuka daktari. Jina lisilotambulika humfanya msafiri alifikirie jina badala ya barabara. Ni heri programu iliache na kusema "pinda kulia" tu.

Kuhusu visikizi, nchini Kenya magari hushika upande wa kushoto, kwa hiyo humpita mwendesha baiskeli kwa kulia. Anayetumia kisikizi kimoja akitie sikio la kushoto na kuliacha la kulia wazi. Kupinda kulia ndiko kwenye hatari kubwa, kwa sababu ni lazima kuvuka njia ya magari yanayokuja, na katika mizunguko mikubwa wengi hushuka na kuisukuma baiskeli. Kiolezo cha baiskeli kingeweza kulisema hilo waziwazi: "Ukifika mzungukoni, ushuke, uvuke kwa miguu." Katika programu huria, ambazo sentensi zake hutafsiriwa na watu wa kujitolea, sentensi kama hiyo inaweza kuongezwa na yeyote anayejua Kiswahili na aliyewahi kuvuka mzunguko huo kwa baiskeli.