Bare zimejaa, lakini intaneti haitembei: juu ya nini?

Bandugu wasomi wa Likasi, hii jambo tunaijua wote. Ikifika saa moja ya mangaribi, kule Kikula ao Panda, telefone inaonyesha bare zote, lakini dosie ya bourse inakataa kwenda. Wengi tunasema: «Waongeze antene!» Ile ni nusu tu ya jibu.

Bare zinapima kitu kimoja: nguvu ya mawimbi kati ya telefone na antene. Hazisemi watu wangapi wanagawana antene ile, wala njia ya nyuma yake iko na upana gani.

Rezo za kwanza zilijengwa kwa ajili ya sauti. Katika 2G, kila chaneli ya mawimbi inagawanywa katika nafasi 8 za zamu. Ukipiga simu, unashika nafasi yako mpaka mwisho, hata ukinyamaza. Intaneti iko tofauti: data inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinapita pale kuko nafasi. 4G, iliyofika Congo mwaka 2018, imejengwa juu ya vipande tu. Ndiyo maana mara nyingi mtu akikupigia, telefone inashuka kwenye 3G ao 2G: sauti ingali inapita mu njia ya zamani.

Watu wakiongezeka, kampuni inaweza kufanya mambo matatu: kuongeza mawimbi kwenye antene ileile, kukaribisha antene, ili kila moja ihudumie watu wachache, na kupanua njia ya nyuma. Antene nyingi zinarushiana data kwa mawimbi, kutoka mulima mpaka mulima. Fibre optike inabeba mara nyingi zaidi.

Na kwetu ile njia ni ndefu. Kabo ya WACS ilifika Muanda mwaka 2013, lakini toka kule mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1,500. Mwaka 2021, Liquid na Facebook walitangaza kujenga karibu kilometa 2,000 za fibre mu Congo.

Kwa leo, tuma dosie alfajiri, wakati wengine wamelala. Na siku tutaketi na watu wa kampuni, tusiulize tu «5G inakuja lini?» Tuulize: «Antene ya mtaa wetu inalishwa na fibre ao na mawimbi? Na courant ikikatika, inasimama saa ngapi?»