Sauti ya Adungu katika Kinanda Mseto

Makala hii inaeleza jinsi sauti inavyoundwa na kuhifadhiwa katika sintesaiza mseto, yaani kinanda cha umeme ambacho chanzo chake cha sauti ni cha dijitali lakini kichujio ni cha analogia. Mfano wetu ni Korg DW-8000 ya mwaka 1985.

Tuseme tunataka sauti inayokaribia adungu, ala ya nyuzi ya Waalur inayopigwa sana makanisani West Nile. (Kamusi huita ala ya jamii hii kinubi, lakini ukitaja Kinubi mjini Arua au Koboko, watu watadhani unazungumzia lugha ya Wanubi!) Chagua wimbi moja kati ya 16 yaliyomo. Uzi ukivutwa na kuachiwa hulia papo hapo, kisha hufifia. Kwa hiyo muda wa kuanza uwe 0, na kiwango cha kudumu pia 0. Kichujio nacho kijifunge taratibu, maana uzi hupoteza ukali kabla ya kunyamaza.

Hadi hapo sauti imo katika kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukikatika, kazi yote imepotea. Na Arua na Koboko zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Bonyeza kitufe cha kuandikia, kisha namba kati ya 11 na 88. Nafasi ni 64, kwani tarakimu 0 na 9 hazitumiki, na sauti iliyokuwa katika nafasi hiyo hufutika. Kinanda kikizimwa, betri ndogo ya ndani huzilinda. Betri ikifa zote hupotea, hivyo zinakiliwe pia kwenye kaseti.