Kwa Nini Matapeli Hufuata Mazungumzo ya Bitkoini

Ndugu wanavikundi, nyinyi wa Osiri mnajua: penye dhahabu, mwenye shaba iliyong'arishwa hachelewi kufika. Ni vivyo hivyo kwenye WhatsApp, Telegram na Facebook watu wakizungumzia bitkoini. Ukiuliza tu, "Hii nayo inanunuliwa vipi?" umeshajitangaza kwamba una pesa kidogo, una hamu, na hujui. Tapeli anasoma kimya, halafu anakuandikia kando, kwa upole, na picha ya mtu mwingine.

Kinachomvutia hasa ni hiki. Ukikosea namba ya M-Pesa, ukipiga simu mapema pengine pesa zitazuiwa. Bitkoini ikishathibitishwa hairudi, ila aliyeipokea akubali mwenyewe. (Na yeye akubali kwa nini?) Benki Kuu ya Kenya ilitahadharisha wananchi tangu Desemba 2015.

Baadaye mnaonyeshwa faida ikipanda kwenye simu. Siku ya kutoa, mnaambiwa mlipe ada kwanza. Hapo, mweka hazina, usitume hata shilingi ya chama: ile faida ni tarakimu alizoandika tapeli mwenyewe.