Jivu la volkano lilipozuia maua ya Naivasha: kwa nini mkulima na mwenye duka wanahitaji mpango wa dharura

APRILI 2010, volkano ya Eyjafjallajökull ililipuka huko Iceland na jivu lake likafunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa takriban siku sita. Huko Naivasha nchini Kenya, maua yaliyokuwa tayari kusafirishwa yalikosa ndege. Mengi yalitupwa. Baadhi ya wasafirishaji walifanikiwa kupeleka shehena hadi Hispania, kisha ikasafirishwa kwa malori mpaka kwa wanunuzi.

Wote walipatwa na janga lile lile. Tofauti ilikuwa kwamba wengine walipata njia ya pili na wengine hawakuipata. Kutafuta njia hiyo kabla ya siku ya shida ndiko kunakoitwa usimamizi wa mwendelezo wa biashara, na siku hizi jambo hilo lina viwango vyake na, katika baadhi ya nchi, sheria yake.

Sheria iliyotokana na hasara

Uingereza ni mfano mzuri. Septemba 2000, wakulima na madereva wa malori waliokasirishwa na bei ya mafuta walizuia viwanda na maghala ya mafuta, na baada ya siku chache vituo vingi vikakauka. Msimu huo huo yakaja mafuriko makubwa. Februari 2001 ukazuka ugonjwa wa miguu na midomo, na mifugo zaidi ya milioni 6 ikachinjwa. Minada ilifungwa. Hata wenye nyumba za wageni vijijini, ambao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja, walikosa wateja kwa sababu njia za mashambani zilifungwa.

Baada ya mapigo hayo matatu, Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Dharura za Kiraia ya mwaka 2004. Inazitaka halmashauri, polisi, zimamoto na huduma za afya ziwe na mipango ya kuendelea na kazi wakati wa dharura. Halmashauri zina wajibu wa ziada: kuwashauri wafanyabiashara wa maeneo yao jinsi ya kujiandaa. Mwenye duka halazimishwi kuwa na mpango, ila halmashauri inalazimika kumshauri.

Kiwango cha hiari, mkataba wa lazima

Sambamba na sheria hiyo, Shirika la Viwango la Uingereza lilitoa kiwango cha BS 25999. Sehemu ya kwanza, iliyotoka mwaka 2006, ilikuwa mwongozo. Ya pili, ya mwaka 2007, iliweka masharti ambayo kampuni ingeweza kukaguliwa kwayo na kupewa cheti. Mwaka 2012 nafasi yake ilichukuliwa na kiwango cha kimataifa, ISO 22301, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2019. Mashirika ya viwango ya Tanzania (TBS) na Kenya (KEBS) ni wanachama wa ISO.

Kiwango hicho ni cha hiari. Lakini mnunuzi mkubwa akikitaja katika mkataba, kwa muuzaji kinakuwa sharti. Kampuni yenye cheti inatakiwa kujua kama wanaoiuzia bidhaa wataweza kuendelea kuleta mzigo shida ikitokea. Hapo ndipo swali linapomfikia mkulima wa mboga za kuuza nje: barabara ikikatika, mzigo utapita wapi?

Maswali manne

Cheti kina gharama, na mfanyabiashara mdogo hana haja ya kukikimbilia. Msingi wake, hata hivyo, unaandikika kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Kwanza, ni kazi gani ikisimama biashara nayo imesimama? Kwa ushirika wa maziwa, kazi hiyo ni kupoza maziwa. Pili, inaweza kusimama kwa muda gani kabla hasara haijawa kubwa? Maziwa hayangoji siku mbili. Ni suala la saa. Tatu, njia ya pili ni ipi? Inaweza kuwa jenereta, au makubaliano na ushirika jirani wenye tangi. Nne, njia hiyo imejaribiwa lini?

Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Jenereta isiyowashwa kwa mwaka mzima si mpango, ni pambo. ISO 22301 inataka mipango ifanyiwe mazoezi na kurekebishwa, haitoshi kuiandika na kuifungia kabatini.

Kwa mwenye kibanda, funzo liko karibu zaidi. Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Mchuuzi anayeacha daftari la madeni ndani ya kibanda, moto ukija, hupoteza bidhaa pamoja na fedha anazodai. Nakala nyumbani, namba za wateja na za wauzaji wa jumla zilizoandikwa mahali pengine, na akiba kidogo isiyolala dukani, vyote hivyo havihitaji mkopo.

Bima nayo ni muhimu, lakini ina mpaka. Inaweza kulipa mali iliyoteketea; haimrudishi mteja aliyekwisha kuzoea duka la jirani. Ndiyo maana muda wa kurejea kazini una thamani kama mali yenyewe, na muda huo hupangwa mapema, wakati soko bado ni shwari.