Kabla ya Kumkabidhi Mtoto Wako

Likizo ya uzazi imebaki wiki moja. Mtoto bado ananyonya, na kazini wanakungoja. Jirani anakuletea habari njema: yuko binti kijijini kwao, mchapakazi, hana maneno mengi. Jumamosi anashuka kituo cha basi na mfuko wake mdogo. Jumatatu unamwachia mtoto, nyumba na funguo. Umemjua kwa siku mbili tu!

Wengi wetu tumefanya hivyo. Mtoto akiumia au fedha zikipotea, tunalalamika kwamba wasichana wa kazi siku hizi hawafai. Lakini je, tuliuliza? Wapo akina mama wasiouliza lolote. Wapo pia wanaopekua mfuko wa binti na kumlazimisha akapimwe damu. Wote hao wamekosea. Kuna njia ya haki ya kumjua mtu kabla ya kumwajiri.

Anza na umri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 lakini hajatimiza 18 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Kuamka alfajiri, kubeba mtoto mchana kutwa na kulala wa mwisho si kazi nyepesi. Tafuta aliyetimiza 18. Usitegemee urefu wake wala maneno ya aliyemleta. Omba kuona cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha taifa.

Uliza waliomjua

Mwombe ruhusa kwanza: "Mdogo wangu, ningependa kuzungumza na mama uliyemfanyia kazi. Unakubali?" Kisha zungumza na huyo mama wewe mwenyewe. Usiishie kuuliza, "Alikuwa mzuri?" Uliza alikaa muda gani, alilea watoto wa umri gani, mtoto akilia alifanyaje, na kwa nini aliondoka. Halafu msikilize binti naye. Huenda aliondoka kwa kunyimwa mshahara.

Sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Wasichana wengi hawajawahi kukiona, basi usimhukumu kwa kukikosa. Ila siku akiondoka kwako, mpe.

Kama hii ni kazi yake ya kwanza, omba barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji au mtaa wake, na uzungumze na wazazi wake. Ukitaka uthibitisho wa polisi kwamba hana rekodi ya uhalifu, yeye mwenyewe ndiye anayeuomba, kwa alama za vidole. Gharama uilipe wewe.

Yasiyokuhusu

Sheria ya 2004 inakataza kumbagua mwombaji wa kazi kwa sababu ya kabila, dini, ujauzito, ulemavu au VVU. Hapa baadhi yetu tutashtuka. Ni mara ngapi tumesema, "Wa kabila lile simtaki"? Kabila halikuambii kama mtu ana subira na mtoto. Na sheria ya mwaka 2008 kuhusu VVU na UKIMWI hairuhusu mwajiri kumlazimisha mtu kupima.

Siri zake nazo zilinde. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali. Nakala ya kitambulisho chake iweke kabatini, usiisambaze kwa mashoga zako kwenye simu.

Naye akujue

Mlete mapema, wiki moja kabla hujarudi kazini, ukiwapo nyumbani. Mlipe siku hizo. Tazama anavyomshika mtoto, na anavyonawa mikono kabla ya kumlisha. Mweleze mshahara, saa za kazi, siku ya kupumzika na mahali atakapolala, kisha yaandikeni na kila mmoja abaki na nakala.

Tena, mama yake huko kijijini naye analala akiwaza. Amemkabidhi mwanawe kwa mwanamke asiyemjua. Akikupigia simu na kutaka kujua habari zako, usichukie. Mjibu kama ambavyo ungependa kujibiwa wewe.