MTEJA AKISEMA "NATAKA KAHAWA NZURI", USIKIMBILIE KUFUNGASHA

Leo nina somo ambalo mimi nililipia, nyie mlichukue bure. Hata kama huuzi kahawa, soma mpaka mwisho, linakuhusu.

Mimi nauza kahawa kwa simu. Stoo yangu ni kabati la chumbani, ofisi yangu ni WhatsApp. Biashara sijaisomea popote, niliishia kidato cha nne, mengine nimejifunza kwa kuumia.

Mwaka juzi, mtaji wangu ukiwa bado laki nne tu, kijana mmoja wa Tanga akaniandikia: "Dada nataka kahawa nzuri, kilo 5." Nikamjibu fasta: "Ipo boss, tena namba moja." Nikamuuliza vitu viwili tu, yuko wapi na analipaje. Akatuma 130,000, nikafungasha, nikapeleka mzigo kwenye basi. Siku hiyo nililala nacheka.

Kesho yake usiku simu ikaita. Siyo yule kijana, ni babu yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Hii kahawa ni ya wagonjwa? Watu wangu wamekunywa kikombe kimoja, wamenyanyuka."

Kumbe mzee anauza kahawa chungu barazani. Anaanza alasiri mpaka baada ya isha, vikombe vidogo, kashata pembeni, wazee wanacheza bao. Ndiyo kazi inayomlisha miaka yote. Na jioni ile wateja wake walihamia kwa mwenzake wa mtaa wa pili kwa sababu yangu.

Nikamrudishia hela yake yote. Alishafungua kilo moja, nne zikarudi. Nauli ya mzigo kwenda na kurudi ilikuwa juu yangu. Zile kilo nne niliziuza polepole kwa bei ya kununulia, maana kahawa ikishasagwa harufu yake haikusubiri. Faida ya wiki mbili ikaondoka hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni. Kahawa niliyomtumia haikuwa mbovu. Ilikuwa arabika ya Kilimanjaro, imekaangwa wastani, imesagwa chengachenga. Mimi naipenda, na ofisini kwa watu inasifiwa sana. Ila ilikuwa nzuri kwa mtu mwingine.

Nilipotulia nikampigia mzee tena, nikamwomba anifundishe. Akanifundisha kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Kahawa ya barazani inachemshwa kwenye birika, inakaa juu ya mkaa muda mrefu, na haitiwi sukari kwa sababu utamu unatoka kwenye kashata. Kwa hiyo inatakiwa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kusagwa laini kama unga, ili kikombe kile kidogo kiwe kizito. Ukiweka ile yangu ya chengachenga, unapata maji ya rangi.

Kuanzia hapo nikaanza kuwachunguza wateja wangu. Nikagundua neno "kahawa" kila mtu analo la kwake:

1. WA KAHAWA CHUNGU. Hawa ni kama mzee wangu. Wanataka nzito na kali. Wengi wanafurahia ukiwachanganyia robusta, ile inayolimwa Kagera. Robusta ina kafeini kama mara mbili ya arabika, na ukali wake unausikia mdomoni.

2. WA MAZIWA NA SUKARI. Hawa ni wengi majumbani. Wamekua na kahawa ya kopo, ile ya kuyeyuka kama Africafe. Ukiwatumia ya kusaga bila maelezo, wataimwaga kikombeni, watie maji moto, halafu wakupigie simu. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, kahawa yako ina mchanga." Yalikuwa machicha. Siku hizi nikiwauzia hawa ya kusaga, naandika kwenye pakiti: HAIYEYUKI, CHEMSHA KISHA CHUJA.

3. WA VYOMBO. Wana lile jagi la kioo lenye kichujio cha kubonyeza, au mashine ya espreso. Hapa kusaga ndiyo kila kitu. Jagi la kubonyeza linataka chengachenga, kwa sababu kahawa inakaa na maji kama dakika 4. Ukiwapa laini inatoka chungu na vumbi linapita kwenye kichujio. Mashine ya espreso inataka laini, kwa sababu maji yanapita kwa nguvu ndani ya nusu dakika hivi. Ukiwapa chengachenga inatoka nyepesi. Kahawa ni ile ile, kosa ni la kinu. Mwenye kinu chake mwenyewe muuzie punje nzima, itakaa na harufu yake muda mrefu zaidi.

4. WA VIUNGO. Tangawizi, iliki, mdalasini. Nina mteja Zanzibar ambaye ndugu zake wako Oman. Yeye anataka iliyokaangwa kidogo tu, iwe na rangi ya kahawia hafifu, na iliki ya kutosha, anainywa na tende. Ukimpa nyeusi ya mzee wa Tanga atakurudishia. Wote wawili ni watu wa pwani, wote wanakunywa bila sukari, na bado hawafanani.

5. WASIOKUNYWA KABISA. Usicheke. Kwa Wahaya kuna kahawa ya kutafuna, punje nzima zilizochemshwa na kukaushwa, mgeni anakaribishwa nazo. Mteja mmoja wa Bukoba aliniuliza kama nina kahawa, nikamtumia picha ya unga. Akaniambia, "Dada, hiyo nitatafunaje?"

Sasa hivi sipokei hela kabla ya kuuliza maswali matatu:

- UNAITENGENEZA NA NINI? Sufuria, birika, jagi la kubonyeza, mashine, au maji moto tu kikombeni. Hapa unajua usage vipi.

- UNATIA NINI NDANI? Maziwa, sukari, viungo, au hutii kitu. Hapa unajua ikaangwe kiasi gani. Maziwa yanafunika ladha, kwa hiyo kahawa nyepesi humo inapotea.

- ANAKUNYWA NANI? Swali hili ndilo nililolikosa Tanga. Kama anakunywa mwenyewe, kosa lako linaharibu asubuhi moja. Kama anauza, kosa lako linagusa ugali wa watoto wake. Mteja wa kuuza simpi kilo nyingi mara ya kwanza hata akilazimisha. Namtumia kapakiti cha gramu 50, awaonjeshe watu wake, ndipo tuongee kilo.

Majibu nayahifadhi palepale kwenye jina la mteja kwenye simu. Nina "Dada Tabata, maziwa, tangawizi, laini" na "Kaka Mikocheni, jagi, chengachenga". Akiandika "nitumie kama kawaida", najua kawaida yake ni ipi. Mteja akikumbukwa hivyo hahami ovyo.

Jambo la mwisho, na hili nililifanya kwa ujinga. Niliposoma soma kidogo mambo ya kahawa nikajiona mtaalamu. Mteja akasema anaweka sukari vijiko vinne, nikamwambia anaiua ladha. Hakunijibu, na hakununua tena. Jamani, mdomo ni wake na hela ni yake. Kazi yetu ni kumpa kitakachokuwa kitamu akishatia vijiko vyake vinne. Akikuomba ushauri mpe. Asipokuomba, pokea oda.

Na wewe unayeuza vitu vingine, ni hivyo hivyo. Muuza viatu, "vizuri" ni vya kusimama kutwa dukani au vya kwenda harusini? Muuza mchele, "mzuri" ni wa wali wa nazi au wa biashara ya mama lishe? Neno "nzuri" halijakuambia kitu bado. Uliza.

Mnataka kujua mzee aliishia wapi? Nilimtumia robo kilo bure, nyeusi, laini, nimechanganya robusta. Siku tisa kimya. Siku ya kumi akapiga: "Binti yangu, sasa umekuja barazani." Leo ananunua kwangu kilo 2 kila mwezi. Nyingine bado anachukua kwa mkaangaji wake wa zamani, na simlaumu, yule hakuwahi kumwondolea wateja.

Niambie hapo chini: wewe unauza nini, na ni swali gani unauliza kabla ya kupokea hela? Kama huna, litunge leo kabla ya oda inayofuata.