Moyo wa Mtu Hujengwa Wapi? Mafunzo Kutoka Kisii na Nyamira

Mtu asafiriye siku ya Jumamosi asubuhi kwa barabara itokayo Sondu, akapita Nyamira hata kufika Kisii, hakosi kuona jambo moja. Katika vilima vile vilivyofunikwa na chai na migomba, njia huwa zimejaa watu waliovaa nguo safi, wazee kwa watoto, wamechukua Biblia na vitabu vya nyimbo. Hao ni Wasabato waendao kusali. Akirudi kesho yake, Jumapili, ataona njia zile zile zimejaa tena, mara hii Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste na wengineo.

Mwenye kuyaona hayo aweza kudhani kwamba kazi ya dini katika nchi ya Abagusii imekwisha kamilika. Lakini kuijaza nyumba ya sala ni jambo moja, na kuujenga moyo wa mtu ni jambo jingine. La kwanza laonekana barabarani mchana. La pili hujulikana usiku, wakati wa msiba.

MWANZO WA KAZI

Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mtu wa Canada, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, nchi ambayo leo yaitwa Malawi, walifika kando ya Ziwa Victoria, wakaanzisha misheni ya Wasabato huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Kutoka huko mafundisho yalipanda milimani, na mwaka 1912 misheni ya Nyanchwa ilianzishwa karibu na mji wa Kisii. Mapadre wa Mill Hill walikuwa wamekwisha fika Nyabururu mwaka 1911. Walutheri kutoka Sweden walikuja nyuma yao, mwaka 1948, wakaanzia Itibo.

Mwanzo huo haukuwa mwepesi. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, majeshi ya serikali yalikuwa yamepigana na Abagusii, watu wakauawa na ng'ombe wakachukuliwa. Basi haikuwa ajabu kwamba wengi hawakumtenga mgeni aliyekuja na kitabu na yule aliyekuja na bunduki. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walipoingia Kisii, na wamisionari walipokuwa wameondoka, vituo vya Nyanchwa na Nyabururu viliporwa na wenyeji. Vita ilipopita, kazi ilibidi kuanzwa upya.

Kilichojengwa kwa mbao na mabati chaweza kuchukuliwa kwa siku moja. Kilichojengwa ndani ya mtu hakichukuliki hivyo, lakini nacho hakijengwi kwa siku moja.

MALEZI YA KALE

Yafaa ifahamike kwamba dini mpya haikukuta mioyo mitupu. Abagusii walikuwa na malezi yao ya ndani, tena yenye nguvu. Walikuwa na neno chinsoni, yaani haya na mipaka ipasayo kati ya wazazi na watoto, na neno amasikani, yaani heshima na utii. Mathalani, baba hakuingia katika nyumba ya mwanawe aliyekwisha kuoa. Hapakuwa na askari aliyesimama mlangoni kumzuia. Haya ndiyo iliyokuwa askari, nayo ilikaa ndani ya mtu mwenyewe. Mtoto hakufundishwa jambo hilo kwa hotuba. Aliliona likitendwa kila siku tangu utoto wake, na alipokuwa mtu mzima alilitenda bila kuambiwa.

Lakini pamoja na haya hiyo njema palikuwapo na hofu. Mtoto alipougua ghafula, au ng'ombe alipokufa, swali la kwanza halikuwa ni ugonjwa gani, bali ni nani aliyeuleta. Watu walimwendea omoragori, mpiga ramli, ili awaambie kama ni ebirecha, yaani mizimu ya wazee, waliokasirika, ama ni jirani aliyeroga. Wataalamu wawili kutoka Marekani, Robert na Barbara LeVine, walikaa katika nchi hiyo kati ya mwaka 1955 na 1957, wakaandika kitabu kiitwacho Nyansongo, kilichotolewa mwaka 1966. Walieleza jinsi hofu ya wivu na uchawi ilivyowatenga hata majirani na jamaa walioishi karibu karibu.

HOFU ILIYOBAKI

Hofu hiyo haikuondoka kwa sababu makanisa yaliongezeka. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika nchi ya Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa shutuma ile ile.

Mambo hayo hayakutendeka mahali ambapo Injili haijasikiwa. Yalitendeka karibu miaka mia na zaidi baada ya kuanzishwa kwa Nyabururu na Nyanchwa, katika nchi ambayo mtoto wa shule aweza kuzitaja Amri Kumi bila kukosea, na mojawapo ya amri hizo ni Usiue. Kwa hiyo hapana budi kuuliza: je, mtu aweza kulijua neno kwa kichwa, na moyo wake ukabaki pale pale ulipokuwa? Jibu ni kwamba aweza. Kujua ni mlango tu, na wako wengi wasimamao mlangoni maisha yao yote bila kuingia.

MCHE HAUWI KICHAKA KWA SIKU MOJA

Wakulima wa Nyamira walijua jambo hili vizuri kuliko wengi. Mche wa chai hukaa katika kitalu chini ya kivuli kwa miezi mingi. Ukipandwa shambani, hupogolewa ili utanuke, na miaka hupita kabla mkulima hajaanza kuchuma majani mawili na kichipukizi. Hata ukikomaa, usipopogolewa tena na tena huwa mti mrefu usio na faida. Mkulima asemaye, "Nimekwisha panda," akaenda zake, hatapata kitu.

Moyo nao ni vivyo hivyo. Ubatizo ni kupanda. Yanayofuata ni kazi ya kila siku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanywi kanisani, bali nyumbani.

Atazamwe Msabato ashikaye desturi zake kwa moyo. Siku ya Ijumaa, kabla jua halijatua, kuni zimekwisha letwa, maji yametekwa na chakula kimepikwa, ili Sabato iwakute watu wametulia. Asubuhi na jioni jamaa wote hukutanika kwa sala, na kila siku ina fungu lake la kusoma. Zaidi ya hayo, yeye hukaa katikati ya chai na kahawa, mazao yaletayo fedha katika nchi yake, na kanisa lake limemfundisha asivinywe vinywaji hivyo. Mtu aweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Lakini ajizuiaye katika dogo kila siku hujizoeza kuitawala nafsi yake, na siku ya hasira ataona faida yake.

Wakatoliki nao wana njia yao. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikazia jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili na kuulizana inasema nini juu ya maisha yao. Ni vigumu kumshuku jirani aliyeomba kwa ajili ya mtoto wako, tena akimtaja kwa jina.

Jambo jingine kubwa ni lugha. Agano Jipya kwa Ekegusii lilitolewa mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988. Neno lisomwalo kwa lugha ya kigeni hukaa kichwani. Lisomwalo kwa lugha ambayo mama alimbembelezea mtoto huweza kufika mahali hofu ilipo.

MFANO WA ASKOFU WA KWANZA

Jimbo Katoliki la Kisii lilipoundwa mwaka 1960, askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga. Yeye alikuwa mtoto wa Chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu, na angaliweza kutafuta kiti cha baba yake. Akachagua upadre, akapewa daraja hilo huko Roma mwaka 1950. Alikaa Kisii hata mwaka 1969, kisha akaenda Nairobi, na mwaka 1973 akafanywa kardinali. Alipostaafu mwaka 1997 hakujitafutia jumba kubwa. Alikwenda kukaa katika nyumba ya wazee itunzwayo na masista huko Nairobi, akaishi pamoja na wazee hao hata alipofariki mwaka 2003. Mtu hachagui jambo la namna hiyo ghafula akiwa mzee. Chaguo hilo huwa limeandaliwa na sala za miaka mingi na kujinyima kwingi ambako hakuna aliyekuona.

USIKU WA KUJARIBIWA

Basi kipimo cha moyo ni nini? Si mavazi ya Jumamosi wala ya Jumapili. Kipimo ni usiku ule mtoto anapowaka homa, na sauti inanong'ona kwamba bibi kizee wa ng'ambo ya mto alimtazama vibaya jana. Mwenye moyo uliojengwa atampeleka mtoto hospitali, atasali, na asubuhi atamsalimu bibi kizee yule kama kawaida. Tena umati ukikusanyika kwenda kwake, yeye atasimama mlangoni pa bibi huyo, hata kama atasimama peke yake.

Nguvu ya kusimama hivyo haipatikani usiku ule ule. Huwekwa akiba kidogo kidogo katika asubuhi na jioni za miaka mingi, wazazi wakitangulia na watoto wakitazama. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki hakijazwi na mchungaji wala padre peke yake. Kila mwenye nyumba ana sehemu yake.